MISRI KWA USIKU 12: Panga piramidi na mahekalu bila kurudi nyumbani hoi



Tarehe 1 Novemba 2025 Misri walifungua rasmi lile jumba lao jipya la makumbusho pale Giza, karibu kabisa na piramidi. Wengi hulitaja kwa kifupi tu, GEM. Tangu hapo vijana kibao wa huku kwetu wameanza kuiangalia Misri kama sehemu ya kwenda likizo, siyo jina la kwenye kitabu cha historia tu. Na ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Cairo ni kama saa tano. Siyo mbali kama tunavyodhani.

Tatizo linaanza pale mtu anapokaa chini kupanga. Anafungua kurasa kumi, anaorodhesha majina: Giza, Saqqara, Alexandria, Luxor, Karnak, Edfu, Kom Ombo, Aswan, Abu Simbel, Bahari ya Shamu. Anagawanya kwa siku alizonazo. Inatoka ratiba ya vituo vitatu kwa siku, na karibu kila usiku mji mwingine. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye mwili ni adhabu.

Na jamani, pesa ya safari hii siyo ya kuokota. Kijana wa kwetu anayekwenda kwa pesa yake amejibana mwaka mzima au miwili, amecheza upatu, amelipia viza na tiketi, ameomba ruhusa kazini. Nafasi ya pili inaweza isije. Halafu siku ya nne anasimama mbele ya ukuta uliochongwa miaka 3,000 iliyopita, na anachowaza ni kiti na maji ya baridi. Anarudi na picha 900, ukimuuliza hili hekalu gani, hajui.

Kwa hiyo leo tuongelee mambo mawili: mwendo na mpangilio. Mwendo, kwa sababu mwili na macho vina kikomo. Mpangilio, kwa sababu kituo kimoja kinatakiwa kikueleweshe kinachofuata. Ukiyaweka sawa haya mawili, vituo vichache vitakupa safari kubwa kuliko orodha ndefu.

KWANZA: HESABU USIKU, USIHESABU VITUO

Mtu akisema "nina siku kumi" mara nyingi ana nane. Siku ya kufika imeliwa na uwanja wa ndege, foleni ya uhamiaji na kutafuta gesti. Siku ya kuondoka imeliwa na kufunga mizigo na kuwahi ndege. Hizo mbili zifute kabisa.

Halafu kila unapohama mji unapoteza nusu siku, hata kama safari yenyewe ni ya saa tatu. Kuna kufunga begi, kulipa, kusubiri usafiri, kufika, kutafuta chumba, kuoga, kutafuta chakula. Ukihama mara tano umetupa siku mbili na nusu. Ndiyo maana nasema hesabu usiku: andika miji utakayolala na idadi ya usiku kila mji. Mji wenye mambo mengi upe usiku tatu. Mji ambao huwezi kuupa hata usiku mbili, ujiulize kama kweli unauhitaji.

Kwa Misri, miji ya kulala ni mitatu tu: Cairo, Luxor na Aswan. Vingine vyote ni matembezi ya kwenda na kurudi.

PILI: NCHI YENYEWE NI KAMBA MOJA

Angalia ramani. Sehemu kubwa ya Misri ni jangwa, na watu karibu wote wanaishi kandokando ya Mto Nile na kwenye delta yake kule kaskazini. Mahekalu na makaburi nayo yamefuata mto. Cairo iko juu kwenye ramani, Luxor iko kama kilomita 670 kusini kwa reli, Aswan kama kilomita 210 zaidi. Yaani Cairo hadi Aswan ni umbali wa kama Dar hadi Mbeya, na njia ni moja.

Sasa, kushuka kusini kuna faida ambayo wengi hawaijui: unatembea pamoja na historia. Piramidi za kaskazini ndizo za kale zaidi, za miaka ya 2600 na 2500 KK. Makaburi na mahekalu makubwa ya Luxor mengi ni ya kati ya 1500 na 1100 KK. Ukifika karibu na Aswan unakuta mahekalu kama Philae, ambayo sehemu kubwa ilijengwa wakati wa watawala wa Kigiriki na Kirumi.

Hiyo siyo historia ndogo. Mfalme Khufu aliijenga piramidi yake kubwa karibu mwaka 2560 KK. Cleopatra alikufa mwaka 30 KK. Kwa hiyo Cleopatra yuko karibu zaidi na sisi tulioko hapa kwenye kompyuta kuliko alivyo karibu na Khufu! Ukirukaruka huku na huko bila mpango, kichwani yote hayo yanakuwa uji.

Kwa hiyo: anza Cairo, shuka Luxor, shuka Aswan, kisha ruka moja kwa moja kurudi Cairo kwa siku ya mwisho. Usirudi njiani.

TATU: RATIBA YENYEWE

Hii hapa kwa ufupi. Inakili kwenye daftari au iprinti.

Siku 1: Kufika Cairo. Kula, kulala. Basi.
Siku 2: Saqqara na Dahshur.
Siku 3: Giza asubuhi. Mchana pumzika.
Siku 4: Cairo ya kale. Usiku treni kwenda Luxor.
Siku 5: Kufika Luxor, kulala. Jioni Hekalu la Luxor.
Siku 6: Karnak asubuhi. Mchana huru.
Siku 7: Bonde la Wafalme na hekalu la Hatshepsut.
Siku 8: Deir el-Medina na Medinet Habu asubuhi. Mchana treni kwenda Aswan.
Siku 9: Philae asubuhi. Jioni Makumbusho ya Wanubi.
Siku 10: Abu Simbel.
Siku 11: Mtoni tu. Jioni kurudi Cairo.
Siku 12: Makumbusho ya GEM.
Siku 13: Nyumbani.

Sasa tuichambue.

CAIRO, USIKU TATU. Watu wengi wakishuka tu wanakimbilia Giza. Subiri siku moja. Nenda kwanza Saqqara, kwenye piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, ya karibu mwaka 2650 KK, ambayo inasemekana msanifu wake alikuwa Imhotep. Ndiyo piramidi ya kwanza. Iangalie vizuri: ni kama majukwaa sita yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja dogo kuliko la chini. Kisha nenda Dahshur, kwa mfalme Sneferu. Pale kuna piramidi iliyopinda. Walianza kuijenga na mteremko mkali, walipofika katikati wakaupunguza, ikabaki imekunjika hivyo hivyo hadi leo. Jirani yake ipo piramidi nyekundu, ambayo huyo huyo Sneferu aliijenga kwa mteremko wa kulala zaidi, na ikanyooka.

Huyo Sneferu ndiye baba yake Khufu. Kesho yake ukisimama Giza mbele ya piramidi ya mtoto, ambayo ilikuwa na urefu wa kama mita 146 na ikabaki jengo refu kuliko yote duniani kwa zaidi ya miaka 3,800, utaelewa kwamba haikuanguka kutoka mbinguni. Watu walijaribu, wakapinda, wakajifunza. Ukianza na Giza, Saqqara na Dahshur zinaonekana vichekesho. Ukianza na Saqqara, Giza inakuwa jibu.

Giza fika mlango unapofunguliwa. Jua likipanda joto linapanda na mabasi ya watalii yanapanda nayo. Kuingia ndani ya piramidi kubwa kuna tiketi ya pembeni, na njia ni nyembamba, unainama, hewa nzito. Kama una pumu au unaogopa sehemu zilizobana, acha, hujakosa kitu kikubwa. Ndani hakuna michoro. Kupanda juu ya mawe ni marufuku kisheria, hata mtu akikwambia "hakuna shida rafiki".

Siku ya nne iweke kwa Cairo yenyewe, maana mji ule ulianzishwa mwaka 969 na Waislamu wa dola ya Fatimi, na Msikiti wa Al-Azhar ukafuata muda mfupi baadaye. Vijana wengi wa Zanzibar, Mombasa na kwingineko wamesoma na wanasoma Al-Azhar. Ukiwa na ndugu au jirani yuko kule, mtafute kabla hujaondoka nyumbani. Siku moja na mtu anayeujua mji ni bora kuliko kitabu cha watalii.

KWENDA LUXOR. Treni ya usiku ina faida yake: unaokoa usiku mmoja wa gesti na hupotezi mchana. Ni kama saa kumi hivi. Lakini usijidanganye kwamba utafika mzima. Ndiyo maana Siku ya 5 haina kitu hadi jioni. Hapa ndipo ratiba nyingi zinapochemka: wanashuka kwenye treni asubuhi na saa mbili wako Karnak, macho mekundu.

LUXOR, USIKU TATU. Hapa ndipo moyo wa safari. Jioni ya kwanza ingia Hekalu la Luxor, liko katikati ya mji, taa zikiwaka mawe yanabadilika rangi. Kutoka hapo hadi Karnak kuna ile barabara ya sanamu za sphinx, kilomita 2.7, iliyofunguliwa upya Novemba 2021.

Karnak ipe asubuhi yake peke yake. Ule ukumbi wa nguzo una nguzo 134, na zile za katikati zina urefu wa kama mita 21. Usiende na haraka. Kaa chini, egemea, angalia juu. Wafalme wengi waliongeza ukuta, lango au nguzo pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo hutaimaliza hata ukikimbia.

Siku ya 7 vuka mto kwenda ng'ambo ya magharibi. Kivuko cha wananchi kinakupeleka kwa bei poa. Bonde la Wafalme lina makaburi zaidi ya 60, lakini tiketi ya kawaida inakuruhusu kuingia matatu tu. Wengi wanalalamika. Mimi nasema hiyo ni zawadi! Makaburi matatu yanatosha kabisa; la nne huwezi kulitofautisha na la pili. Yanafunguliwa kwa zamu, kwa hiyo ulizia yapi yako wazi leo. La Tutankhamun lina tiketi yake. Ni dogo, na mwenyewe bado amelala mle ndani. Lipieni kama mna uwezo, kwa sababu nitakayoieleza mbele, kwenye siku ya mwisho.

Mchana huo huo, kabla jua halijakaza sana, pita kwa Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama farao. Kwenye kuta za hekalu lake, nenda upande wenye picha za safari ya Punt. Zinaonyesha majahazi yakipakiwa, nyumba zilizosimama juu ya nguzo, nyani, na miti ya uvumba ikibebwa pamoja na mizizi yake. Wataalamu wengi wanaiweka Punt pande za Pembe ya Afrika na Bahari ya Shamu. Yaani karibu miaka 3,500 iliyopita watu walishapanda majahazi kuja pande hizi kutafuta manukato. Mtalii wa Ulaya anapita pale dakika tano. Sisi wa pwani ya Afrika tukae nusu saa.

Siku ya 8 asubuhi ni Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Hakuna sanamu kubwa, ni misingi ya nyumba zilizobanana kama uswahilini, na makaburi yao madogo yenye rangi kali. Lakini hapa kuna habari ya kumgusa kila mwenye kibarua. Karibu mwaka 1157 KK, wakati wa Ramses wa Tatu, posho yao ya nafaka ilichelewa. Wakaweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kukaa kwenye mahekalu wakidai chao. Ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao maandishi yake yametufikia. Karibu pale ni Medinet Habu, hekalu la huyo huyo Ramses wa Tatu, na rangi bado zipo kwenye dari. Angalia yote mawili asubuhi moja: hekalu la bosi na kijiji cha wafanyakazi waliocheleweshewa malipo.

Edfu na Kom Ombo je? Yako njiani kati ya Luxor na Aswan. Edfu ni hekalu lililosalia zima kuliko karibu yote, lilianza kujengwa mwaka 237 KK na kumalizika 57 KK. Ukilitaka, toa asubuhi ya Deir el-Medina, kodi gari na wenzako, upite huko ukielekea Aswan. Lakini moja liingie, jingine litoke. Usiyarundike. Na wenye mfuko mnene kuna meli za kitalii za usiku tatu au nne kati ya Luxor na Aswan. Zile zinatatua tatizo la kuhamahama, maana chumba kinasafiri na wewe.

ASWAN, USIKU TATU. Hapa kasi inashuka yenyewe. Mto una visiwa, mashua za tanga, watu weusi kama sisi. Philae utaifikia kwa boti. Lile hekalu halipo kwenye kisiwa chake cha asili. Lilihamishwa jiwe kwa jiwe hadi kisiwa cha Agilkia, kwa sababu maji ya mabwawa yalikuwa yanalizamisha. Pale ndipo yalipochongwa maandishi ya mwisho ya hieroglifu yenye tarehe tunayoijua, Agosti mwaka 394 BK. Baada ya hapo maarifa ya kuyasoma yakapotea, hadi Mfaransa Champollion alipotangaza ufumbuzi wake mwaka 1822. Ulianza Saqqara mwanzoni mwa ujenzi wa mawe. Hapa umefika mwisho wa maandishi.

Abu Simbel ni safari ya kama saa tatu na nusu kwa gari kila upande. Unatoka saa 10 alfajiri, unarudi mchana. Siku hiyo usiongeze kitu kingine hata kimoja. Ramses wa Pili alichonga hekalu lile ndani ya mlima, na kati ya 1964 na 1968 likakatwa vipande na kuinuliwa kama mita 65 juu, ili Bwawa Kuu la Aswan lisilizamishe. Dunia nzima ilichanga kupitia UNESCO.

Lakini nenda Makumbusho ya Wanubi kabla ya kwenda Abu Simbel, ndiyo maana nimeyaweka Siku ya 9. Kwa sababu siyo mawe tu yaliyohamishwa. Wanubi kama 50,000 wa upande wa Misri walitolewa kwenye vijiji vyao mwaka 1963 na 1964, wengi wakapelekwa karibu na Kom Ombo, mbali na mto waliouzoea. Vijiji vyao viko chini ya ziwa. Mahekalu yaliwekwa pembeni ya maji yale yale, wenyeji hawakuwekwa. Hadi leo kudai kurudi ni suala zito kwao. Ukiijua habari hii, utaliangalia lile ziwa tofauti kabisa.

(Msichanganye na Wanubi wa Kibera. Wale historia yao ni nyingine, mababu zao wengi walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia Waingereza.)

Siku ya 11 ni mtoni. Kodi mashua ya tanga saa mbili, vuka kisiwa cha Elephantine, kunywa chai. Siku huru siyo kupoteza pesa, mdau. Ni siku ambayo tumbo likivurugika au treni ikichelewa, unaifinya bila kuvunja ratiba nzima. Na kama mfuko unaruhusu ndege moja tu ya ndani, itumie hapa, Aswan hadi Cairo. Treni ni usiku mzima, na kesho yake unahitaji macho yako.

SIKU YA MWISHO, GEM. Wengi wanaanza na makumbusho. Mie nasema malizia nayo. Pale vitu zaidi ya 5,000 vya Tutankhamun vimewekwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu kaburi lake ligunduliwe Novemba 1922. Kama uliingia kwenye lile kaburi lake dogo kule Luxor, utasimama mbele ya vile vitanda, magari ya farasi na majeneza ukijiuliza: hivi vyote viliingiaje mle? Na ukikumbuka kwamba alikuwa mfalme mdogo aliyekufa kijana, utawaza mali iliyokuwa kwa wakubwa kama Ramses kabla wezi hawajafika. Swali hilo huwezi kujiuliza siku ya kwanza. Tiketi nunua mtandaoni mapema, watu wamekuwa wakifurika.

NNE: KILA SIKU IWE NA UMBO

Kanuni ni rahisi: asubuhi kitu kimoja kikubwa, mchana kivuli, jioni kitu kidogo. Luxor milango mingi hufunguliwa saa 12 asubuhi. Ukiingia saa hiyo, saa 5 umemaliza na jua halijakukaanga. Saa 6 hadi 10 ni kula na kulala. Jioni soko, mto, au kukaa tu.

Kama mnakwenda wawili au zaidi, kubalianeni hili kabla ya kununua tiketi. Kuna mtu wa kuamka saa 11 na kuna mtu wa kulala hadi saa 4. Urafiki mwingi unafia safarini kwa jambo hilo.

TANO: UKIWA NA USIKU SABA TU

Toa Aswan. Inauma, lakini toa. Cairo usiku mbili (Siku ya 2 Saqqara asubuhi, Giza alasiri), treni usiku mmoja, Luxor usiku tatu, rudi kwa ndege, Cairo usiku mmoja kwa ajili ya GEM. Usijaribu kuiingiza Abu Simbel kwa nguvu.

SITA: MSIMU

Juni hadi Agosti Luxor na Aswan joto hupita nyuzi 40. Oktoba hadi Aprili ndiyo wakati wake. Desemba na Januari watu ni wengi, bei juu, na usiku ni baridi, beba sweta. Masika yao kuna upepo wa mchanga unaoitwa khamsin, ndiyo hamsini yetu hiyo. Ramadhani angalia kalenda: vituo hufunga mapema na migahawa mingi hulala mchana. Mwaka 2026 na 2027 inaangukia Februari na Machi.

SABA: PESA, LUGHA NA MAKARATASI

Bei usiamini kurasa za zamani. Pauni ya Misri ilishuka sana Machi 2024, na viingilio vimekuwa vikipanda. Vituo vingi vikubwa sasa vinataka kadi ya benki, siyo noti. Mwanafunzi mwenye kitambulisho cha kimataifa hulipa nusu, kwa hiyo kishughulikie chuoni kabla ya kuondoka.

Noti ndogo beba za bakshishi. Ndiyo, neno ni lile lile! Na mtu akikwambia "bure", jua bei iko mbele.

Msalaba wa namba: sita, saba, tisa, ishirini, arobaini, hamsini, mia, elfu, zote utazisikia kwa Kiarabu zikikaribiana na zetu. Lakini kwa maandishi kuwa mwangalifu. Tano yao inafanana na sifuri yetu, sita yao inafanana na saba yetu, na sifuri yao ni nukta. Ukisoma bei vibaya umeumia. Na saa zao ni za Kizungu: tiketi ikisema 08:00 ni saa mbili ya asubuhi kwa hesabu yetu.

Chakula usiogope. Ful ni maharage, koshari ni wali, makaroni na dengu pamoja na rojo ya nyanya na vitunguu vya kukaanga. Bei nafuu na unashiba.

Dada zetu: usumbufu wa maneno mitaani upo, msitembee usiku peke yenu. Metro ya Cairo ina mabehewa ya wanawake, yatumieni. Na ubaguzi wa rangi nao upo, msije mkashangaa. Usimpe mtu siku yako nzima kwa neno alilolitupa barabarani.

Viza na chanjo: ulizia ubalozi wa Misri KABLA ya kulipia tiketi, na kadi ya homa ya manjano iwe kwenye begi la mkononi.

MWISHO

Kabla hujalipia chochote, chukua karatasi, andika usiku 12 na miji mitatu. Kisha pitisha kalamu kwenye kila kituo na ujiulize: hiki kinanieleza nini ambacho cha jana hakikunieleza? Kisichokuwa na jibu, kikate.

Haya wadau, waliofika watuongezee nyama hapo chini, hasa bei za treni za sasa na gesti za Luxor. Na kama ungekuwa wewe, ungekata Aswan au ungekata Cairo? Tujadili.